Feni za Chini

Arvo Koskela aliingia jikoni kwake Jumamosi saa kumi na nusu jioni, bado amevaa koti la kazi lenye nembo ya chuo kikuu mgongoni. Hakuvua viatu. Mama yake, Lempi, ambaye hakuwahi kumwacha mtu akanyage sakafu na theluji pasipo kumkaripia, alimtazama usoni akanyamaza.

"Wamechukuliwa na magari ya wagonjwa," Arvo alisema. "Kumi na wawili. Mmoja kapakiwa kwenye helikopta."

"Akina nani?" aliuliza mkewe, Renae, aliyekuwa akimenya viazi.

"Watoto. Wasichana wa hoki. Mechi ya tatu wakaanza kutapika pale kwenye benchi, tukadhani ni chakula. Mara yule binti wa Jodi Vukelich, Brynn, akaanguka katikati ya barafu. Hakuguswa na mtu. Kaanguka tu, kama koti lililochomoka msumarini." Alivuta kiti akaketi. "Zimamoto wamepima hewa. Ni moshi wa mashine yangu, Renae. Ile gesi isiyo na harufu. Mimi nazunguka nalainisha barafu, nawapungia watoto mkono, kumbe nawalisha sumu."

"Na ule mlango mkubwa?"

"Niliufunga. Saa sita. Wazazi walilalamika baridi, nje nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, nikaufunga kwa mkono wangu huu."

Akauinua mkono wenyewe, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Kisu kilisimama juu ya kiazi. Renae hakuwa anaufikiria mlango. Alikuwa anaifikiria karatasi ya kumi na nne ya michoro ya ukumbi ule, na feni mbili zilizokuwa zimechorwa humo kisha zikafutwa.

Ukumbi wa barafu wa chuo kikuu ulijengwa uwe wa kila kitu: hoki na sketi wakati wa baridi, mahafali mwezi wa tano, matamasha, maonyesho ya magari. Mbao zilipangwa juu ya barafu asubuhi moja tu na mchana watu wakaweka viti. Mhandisi wa mfumo wa hewa alikuwa Renae. Katika michoro yake ya kwanza aliweka feni mbili chini kabisa, kwenye pembe za uwanja, pamoja na vigunduzi vya gesi vya kuziwasha zenyewe. Alijua kwamba hewa ya baridi hukaa ndani ya zile kuta fupi za vioo kama uji bakulini, na moshi ukiingia humo, feni za darini haziufikii. Watu wazima walioketi juu hupumua salama. Anayeunywa ni mtoto aliyeko chini.

Kisha gharama zikapanda, na chuo kikataka skrini kubwa ya pande nne ining'inie katikati ya dari. Curtis Thorsrud, mwenye ofisi ya uhandisi alikofanya kazi Renae, alipita na kalamu nyekundu akitafuta pa kuokoa dola laki moja na elfu kumi na nane. Renae alibishana naye mchana kutwa. Aliposhindwa, aliomba angalau waandike kwenye kitabu cha maelekezo ukurasa mmoja wa onyo: humu iendeshwe mashine ya umeme tu. Curtis aliung'oa ukurasa huo. "Tukiandika onyo watauliza tumeondoa nini," alisema. Renae akatia sahihi kwenye pembe ya karatasi ya kumi na nne.

Chuo kikanunua mashine ya gesi ya mtungi, iliyokwishatumika. Dereva aliyeajiriwa akawa Arvo, aliyekuwa amechoka kukaa nyumbani baada ya kiwanda cha mbao kufungwa. Majira matatu ya baridi mumewe aliondoka asubuhi akipiga mluzi kwenda kuendesha mashine ile, na majira matatu Renae alifungua kinywa mezani amwambie, "Usifunge mlango," akakifumba. Maneno mawili tu. Lakini Arvo angeuliza kwa nini.

"Utajikata kidole," Lempi alimwambia.

Renae akaendelea kumenya.

*

Jumapili kanisani, benchi la akina Koskela lilikaa watu watatu. Kwa kawaida lilikaa saba, wakibanana. Baada ya ibada mama mmoja alimmiminia Lempi kahawa, akaipita mikono ya Arvo iliyokuwa imeshika kikombe kitupu, akaenda kwa mwingine. Arvo alikitazama kikombe kidogo, akakirudisha mezani kwa uangalifu mkubwa.

Jumatatu gazeti la mji liliandika kwamba dereva alifunga mlango. Saa tatu chuo kikampigia simu kumwambia asije kazini mpaka baraza la uchunguzi likae Alhamisi, na arudishe funguo. Alizipeleka kwa miguu. Kijana wa dirishani alimtaka ajaze fomu, na kwenye "sababu ya kurudisha" Arvo akasimama muda mrefu, hajui aandike nini.

Saa hiyo hiyo Renae alikuwa amesimama mbele ya meza ya Curtis.

"Nataka kuiona karatasi ya kumi na nne," alisema.

"Ya nini?"

"Unajua ya nini."

Curtis aliinuka, akafunga mlango wa ofisi taratibu. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu wa kuleta keki siku za kuzaliwa za wafanyakazi. "Keti, Renae. Hukulala, naona. Sikiliza. Sheria ya jimbo hailazimishi zile feni. Tulijenga kwa mujibu wa sheria. Dereva kafunga mlango. Nasikitika kwamba dereva ni Arvo, nasikitika sana, lakini mlango ni mlango."

"Hakujua. Ungeuacha ule ukurasa, angejua."

"Na wewe je? Wewe si unakunywa naye chai kila asubuhi?"

Curtis aliona limemwingia, akalainisha sauti. "Moyo wake unaendeleaje? Zile dawa tangu apasuliwe, si bado bima yetu ndiyo inazilipa? Basi. Chuo hakiwezi kumfunga jela mzee kwa kufunga mlango. Watamwachisha kazi, ataumia mwezi mmoja, yataisha. Ukifungua hii michoro, hayataisha. Tuko watu kumi na tisa hapa ndani, wote tuna familia."

Renae alirudi kwenye meza yake akachora mfumo wa hewa wa shule moja ya chekechea mpaka saa kumi na moja. Mistari yake yote ilinyooka. Hilo lilimtisha kuliko kama ingepinda.

*

"Nitakwenda nyumba kwa nyumba," Arvo alisema Jumanne wakati wa chakula.

"Kwenda kufanya nini?" Renae aliuliza.

"Kuomba radhi. Nitaanza na watatu waliolazwa. Wengine baadaye."

"Wakili wa chuo kakwambia usiongee na mtu."

"Wakili wa chuo hakufunga mlango." Akamgeukia mama yake. "Mama, utanipikia mkate wa iliki? Siwezi kwenda mikono mitupu."

Lempi alioka mikate mitatu, akaisuka kama alivyosuka nywele za dada zake utotoni, akaifunga kwa vitambaa safi. Jumatano mchana Renae ndiye aliyeendesha gari. Alijiambia kwamba anamsaidia mumewe. Alijiambia pia kwamba huenda njiani angepata nafasi ya kumweleza.

Nyumba ya kwanza, baba wa mtoto aliwafungulia nusu ya mlango. Aliusikiliza mwanzo wa maneno ya Arvo, akauangalia mkate. "Ondoka na mkate wako," alisema, si kwa hasira, kwa uchovu tu, akafunga. Arvo aliuacha kwenye ngazi. Kisha akarudi kuuchukua, asije mtu akaukanyaga. Kisha akauacha tena.

Nyumba ya pili ilikuwa mbaya zaidi, maana waliwapokea vizuri. Nyanya wa mtoto aliwaketisha, akamshika Arvo bega akamwambia, "Mwanangu, hata mimi nililalamika baridi siku ile. Ni mimi niliyekutuma ufunge." Arvo akalia. Renae aliutazama mti wa msonobari dirishani, akahesabu matawi yake.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Jodi Vukelich. Jodi alifanya kazi mbili, hospitali kwenye ufuaji wa mashuka na dukani mwisho wa juma, na alikuwa bado na sare ya hospitali. Brynn alikuwa mezani na kitabu. Alikuwa ametoka hospitali siku iliyotangulia. Miaka kumi na moja, nywele zimefungwa na utepe wa timu, kidole chake kimewekwa chini ya mstari.

"Kaeni," Jodi alisema. "Sitawafukuza. Nataka unitazame tu, Bwana Koskela, halafu umtazame na huyu. Brynn, msomee."

"Mama..."

"Msomee."

Mtoto alisoma. "Mbwa... mbwa alikimbia... alikimbia kuvuka..." Kidole kilirudi nyuma. "Mbwa alikimbia kuvuka..." Kikarudi tena.

"Hicho kitabu alikimaliza wiki mbili zilizopita," Jodi alisema. "Kwa siku moja, amelala kifudifudi pale kwenye zulia. Daktari anasema huenda kumbukumbu itarudi yote, huenda isirudi yote. Nikamuuliza lini, akasema, mama, tusubiri. Haya, niambie ulichokuja kuniambia."

Arvo alisimama. Alivua kofia. "Ni mimi," alisema. "Niliufunga mlango. Hakuna aliyenilazimisha. Miaka mitatu naendesha ile mashine, na sikujiuliza hata siku moja moshi wake unakwenda wapi. Mtu mzima mwenye akili angejiuliza. Sina la kujitetea. Ningeweza kumpa mtoto huyu kichwa changu, ningempa leo."

Kila neno lilikuwa la Renae kulisema. Alilisikia likitoka kwenye kinywa kisicho chake, na hakufanya kitu. Alikunywa kahawa. Ilikuwa kahawa nzuri.

"Mimi sijakukasirikia, Bwana Koskela," Brynn alisema. "Wewe ulikuwa unatupungia mkono."

Jodi alifuta macho kwa kiganja. Alipowasindikiza mlangoni hakumpa Arvo mkono, lakini alimshika Renae kiwiko. "Asante kwa kuja naye," alimwambia. "Si kila mwanamke angekuja kukaa na kusikiliza haya. Una mume anayesimama na kosa lake. Siku hizi hawapo."

*

Renae aliendesha mpaka kwenye kona ya maktaba, akasimamisha gari kando ya rundo la theluji.

"Mbona unasimama?" Arvo aliuliza.

Akamwambia. Alimwambia vibaya, bila mpangilio, akianza na skrini, akarudi kwenye feni, akaruka kwenye ukurasa ulioondolewa. Arvo hakumkatiza. Alikuwa anaisikiliza habari hiyo kama mtu anayesikiliza lugha aliyowahi kuijua zamani.

"Kwa hiyo ulijua," alisema mwishowe. "Tangu siku ya kwanza nilipopanda ile mashine."

"Nilijua."

"Na mlango?"

"Mlango ulikuwa unasaidia kidogo. Hata ungeuacha wazi, kwa siku yenye mechi nyingi vile... Sijui, Arvo. Pengine wangeugua wachache. Pengine siku nyingine."

"Jumamosi uliponiona nakuja vile, hukusema. Jumapili kanisani hukusema." Sauti yake haikupanda. "Na leo umeniacha niende nyumba tatu. Umeniacha nivue kofia."

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Nilikwenda."

Akafungua mlango wa gari akashuka. Nyumbani kulikuwa maili mbili na upepo ulikuwa unatoka ziwani. Renae alimfuata polepole, dirisha limeshushwa, akimwita jina, mpaka gari la nyuma lilipompigia honi, na watu kwenye njia wakaanza kutazama mzee yule na gari lile. Hapo Arvo akakata kupitia uwanja wa kanisa, pasipopita gari.

Alipofika nyumbani sikio lake moja lilikuwa jeupe kwa baridi. Hakumtazama mtu. Alichukua mto na blanketi, akateremka chumba cha chini.

Lempi alikuwa anasugua bati za mikate. "Mmegombana?"

Renae akamweleza naye, safari hii kwa mpangilio. Mama mkwe alisugua bati moja mpaka mwisho, akalisimamisha likauke, ndipo akageuka.

"Nimeoka mikate mitatu ya kuombea radhi kosa lako."

"Ndiyo, mama."

"Kwa magoti haya."

"Ndiyo."

"Sasa unataka nikwambie nini? Kwamba wewe ni mtu mwema? Siku nyingine ningekwambia. Umenikogesha nilipovunjika nyonga, sijasahau. Leo siwezi." Alipangusa mikono. "Kuniambia mimi hakusaidii kitu, mwanangu. Mimi sikuuvuta ule moshi. Kesho kuna watu wamekaa kusubiri kuambiwa. Kawaambie hao."

*

Baraza lilikaa mle mle ukumbini, Alhamisi saa nane mchana. Mbao zilikuwa zimepangwa juu ya barafu na viti mia mbili juu ya mbao, na baridi ilipenya kwenye nyayo za watu wakawa wanakanyaga kanyaga chini kama farasi. Mlango mkubwa ulikuwa wazi kabisa. Hakuna aliyelalamika.

Arvo aliketi mbele peke yake. Mwenyekiti, mama mmoja kutoka utawala wa chuo, alimuuliza kama alifundishwa namna ya kuondoa moshi. Hakufundishwa. Alimuuliza nani aliamua mlango ufungwe. Sasa Arvo alijua jibu refu zaidi, na kila mtu aliusubiri mdomo wake. Renae aliyekuwa safu ya nyuma aliona mabega ya mumewe yakipanda na kushuka.

"Mimi," alisema.

Hakumtaja. Alikuwa na haki yote ya kumtaja.

Renae alisimama. Curtis, safu tatu mbele yake, aligeuka. "Renae, keti," alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwambia mtoto wake mbele ya wageni. Hakuketi. Alipita katikati ya viti na bomba la karatasi kwapani, alilolichukua ofisini asubuhi ile, akatandaza mchoro kwenye meza ya baraza, na kwa kuwa karatasi ilijikunja, akaomba bilauri mbili za maji akaigandamiza.

"Jina langu ni Renae Koskela. Ni mke wa huyu, lakini sijaja kumtetea kwa sababu hiyo. Mfumo wa hewa wa humu nimeusanifu mimi. Hapa na hapa palikuwa na feni. Ziliondolewa kupunguza gharama, na ofisi yetu ilijua zikiondolewa moshi hautatoka. Tulijua ukurasa wa onyo umeondolewa. Sahihi hii ni yangu. Mume wangu hakuambiwa na mtu yeyote, hata mimi."

Wakili wa chuo alianza kuandika haraka. Mwenyekiti aliuliza, "Ulijua tangu lini kwamba chuo kinatumia mashine ya gesi?"

"Tangu alipoajiriwa. Nilikuwa naifua nguo yake ya kazi."

Hapo kiti kikakwaruza mbao. Alikuwa Jodi Vukelich, na sare yake ile ile.

"Jana ulikaa jikoni kwangu," alisema.

"Ndiyo."

"Mwanangu akakusomea."

"Ndiyo."

"Nikakushukuru." Sauti ya Jodi ilipasuka. "Nilikushika mkono nikakushukuru, na wewe ukaniachia nikushukuru. Ukanywa kahawa yangu ukamaliza!"

Renae akainamisha kichwa, na Jodi akatoka kupitia mlango mkubwa bila koti.

*

Curtis alimwachisha kazi Ijumaa, kwa barua ya mistari minne. Kufikia mwezi wa tatu ofisi ilikuwa imeingia mikononi mwa wanasheria, na wawili kati ya wale kumi na tisa walikwisha kupunguzwa. Mmoja wao, mama wa mapacha, alikutana na Renae dukani akavuka upande wa pili wa rafu. Chuo kiliweka feni za chini, kikanunua mashine ya umeme, kikamwandikia Arvo barua ya kumsafisha na kumrudishia kazi yenye bima. Alirudi. Alisema mashine mpya haina kelele, hajaizoea. Bado alilala chumba cha chini. Mezani walizungumza habari za theluji na za nyonga ya mama yake, kwa adabu, kama wapangaji.

Renae alimwandikia Jodi barua mbili, hazikujibiwa. Siku moja simu ikalia.

"Sitaki pole zako," Jodi alisema bila salamu. "Nimepokea pole za kutosha. Mwanangu ana mwalimu wa kumrudisha kusoma, kila Jumatano, maili mia kwenda na mia kurudi. Nikikosa kwenda kazini Jumatano nyingine watanifukuza. Wewe huna kazi."

"Sina."

"Una gari."

"Ninalo."

"Saa tano, mbele ya shule. Usimletee zawadi. Na usijifanye shangazi yake."

Jumatano ya kwanza Brynn alikaa kiti cha nyuma, kama alivyoagizwa, kitabu mapajani. Walipita maili nyingi za misonobari. Theluji ilikuwa inaanguka laini na magari yalikuwa machache.

"Nikuulize?" mtoto alisema.

"Uliza."

"Zile feni, ni wewe uliyezifuta?"

"Alizifuta mkubwa wangu. Mimi nilitia sahihi."

"Kwa nini?"

Renae alikuwa amelijibu swali hilo mbele ya baraza, mbele ya wanasheria wa pande mbili, na mbele ya mchungaji. Kila mahali alikuwa na maneno yake: gharama, ratiba, sheria ya jimbo. Alimtazama mtoto kwenye kioo. Alikuwa anasubiri tu, mkono juu ya ukurasa.

"Nilikuwa nimechoka kubishana," alisema. "Na nilidhani hakitatokea kitu. Halafu kadiri siku zilivyopita bila kutokea kitu, ndivyo nilivyoona aibu zaidi kusema."

Brynn aliweka kidole chini ya mstari.

"Sawa," alisema. Haikuwa msamaha, ilikuwa namna mtoto anavyopokea jibu alilouliza. Akainama juu ya kitabu. "Sasa nasoma. Nikikwama usinitajie neno. Kila mtu ananitajia."

"Sitakutajia."

"Mto ulikuwa... ume... ume..."

Renae alilijua neno. Alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama barabara, akasubiri.